Mpaka wa Mama Lynn

Mimi na Mama Lynn tuligombania mpaka kwa miaka kumi na tisa, hapa Gatuanyaga, na sioni haya kusema haki ilikuwa yangu. Kati ya mashamba yetu kuna ukanda wenye makonge. Yeye alisema ni wake, mimi nikasema ni wangu. Mvua ikikaribia alitoka na fimbo, akaupima kwa miguu. Nikipata hatua nne, yeye alipata sita. Mjane yule alilea binti mmoja na mbuzi kumi na mmoja, na ulimi wake ulitosha kuwachunga wote.

Kisha saratani ya titi ikamwingia mifupani. Madaktari wakasema hawana tena cha kutibu, wakamrudisha nyumbani na chupa ya morofini ya kutuliza maumivu. Kila Alhamisi Akello, nesi wa hospisi, alikuja kwa pikipiki kumtazama.

Mimi nilichanganyikiwa. Adui anayekufa anafanyiwaje? Nikavaa koti la kanisani, nikachukua mkate na maziwa, nikaenda.

"Mama Lynn," nikasema, "hiyo shamba ya makonge ni yako. Mimi nimeachilia. Tusameheane."

Nilitarajia machozi, au angalau asante. Akageukia ukuta. Jioni Lynn, binti yake, akaniambia mamake amekataa uji. Kesho yake akaukataa tena. Sikujua nimekosea wapi. Mtu umpe alichokililia miaka yote hiyo, halafu agome kula?

Alhamisi nikamngojea Akello langoni.

"Maumivu imetulia, mzee," akasema. "Shida ni ingine. Ananiuliza mbona siku hizi hakuna mtu anamkatalia kitu. Anasema mmeshamzika."

Maneno hayo sikuyaelewa, tena yaliniudhi. Lakini asubuhi nilimkuta mbuzi wake kwenye kunde zangu, na ile hasira ya zamani ikanipanda yenyewe. Nikamburuta mbuzi mpaka mlangoni kwake.

"Mbuzi yako imemaliza kunde yangu. Na hiyo makonge nimebadilisha mawazo. Ni yangu."

Nikadhani nimemuua mgonjwa.

"Yako tangu lini, Baba Katunge?" sauti ikatoka ndani. "Lynn, niletee fimbo. Na hiyo uji."

Tulimbeba kwa kiti, mimi na Lynn, tukamweka kando ya makonge. Alinitukana karibu nusu saa, akipumzika, akianza tena. Sikumpunguzia hata neno moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ugomvi ni vivyo hivyo. Siku tulizogombana alikunywa uji wote, na siku maumivu yalipomzidi nilikaa tu karibu na kitanda, nikimwambia ardhi bado ni yangu. Sijui kama hayo ni matibabu. Akello alicheka, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Tulimzika Agosti. Baada ya wiki mbili nilimkuta Lynn akikata majani pale mpakani. Nikakohoa, nikamwambia waziwazi kwamba ukanda huu ni wangu.

"Chukua tu, baba," akasema. "Ni sawa."

Akaenda zake na majani. Roho iliniuma kuliko siku ya mazishi, na sikujua ardhi yenyewe niifanyie nini. Nikaipima kwa miguu, nikapata hatua nne. Nikapima tena, nne. Hakuna aliyesema ni sita.