Kurasa Nne za Mama

Duka langu la kuchapa liko Musoma, na kazi ninayoletewa zaidi ni wasifu wa marehemu. Wenye msiba huwa hawana muda, kwa hiyo sisi wachapaji tuna desturi yetu: unafungua wasifu wa marehemu wa zamani, unafuta jina, unabadilisha tarehe na watoto, kisha unahifadhi kwa jina jingine. Nimewafundisha wengi hilo la mwisho, tena kwa ukali.

Mama alinisimulia wasifu wake mwenyewe kule kijijini Kiriba, siku tatu, akiwa kitandani. Kurasa nne. Siku ya kumzika mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, mchungaji akaomba nusu ukurasa tu, nikampa majina na tarehe. Zile nne zilibaki ndani ya kompyuta.

Miezi michache baadaye akaja dada mmoja wa Butiama, macho mekundu, gari lenye jeneza la baba yake likimsubiri nje. Nikafungua faili la mama kwa sababu lilikuwa limepangwa vizuri. Nikafuta, nikaandika ya mzee, nikahifadhi. Juu ya lile lile. Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo niliijua kabla sijajua kusoma.

Niligundua Jumapili moja nilipotaka tu kumsoma mama. Nikakutana na mzee wa watu na ng'ombe wake. Nililifunga faili kwa hasira.

Nilijaribu kila ninachowafanyia wateja. Programu ya kurudisha mafaili ilinipa faili lenye jina sahihi, ndani vijisanduku vitupu. Nikatoa diski ya kompyuta yangu ya zamani, nilikowahi kuweka nakala. Ikagoma: huna ruhusa ya kufungua folda hii. Folda yangu mwenyewe! Nilipambana nayo nusu siku mpaka nikajimilikisha upya. Faili lilikuwemo. Ukubwa wake sifuri.

Fundi mmoja wa Bunda, niliyesoma naye, alikaa na diski zote mbili, ya zamani na ya sasa, wiki nzima.

"Za hivi nakutanaga nazo, kaka," aliniambia. "Ukishaandika juu yake, basi tena."

Sikuwa na wa kulia naye. Mama alinizaa peke yangu, na mtaani Makoko mimi ndiye ninayeokoa mafaili ya wengine. Nani angenipa pole bila kucheka?

Kisha yule dada akarudi, anataka nakala za misa ya kumbukumbu.

"Kaka, ulimjuaje baba?" akaniuliza, akinionyesha mstari kwa kidole. "Hapa waliposoma, msiba wote ulilia."

Nikasoma: *Hakuwahi kugusa chakula kabla ya kuchungulia njiani kama kuna anayepita wa kumkaribisha.*

Sikuwa nimeandika hayo kwa ajili ya mzee. Nilisahau kuyafuta.

"Ndivyo alivyokuwa?" nikauliza.

"Ndivyo kabisa."

Nikamchapia nakala zake zote, mstari ule ukiwemo. Kati ya kurasa nne za mama, uliobaki duniani ni mstari mmoja, na tayari ni wa baba wa mtu mwingine.