Fundi Damian na Barua ya Jumamosi

Watu wa Ushirombo walikuwa wakisema kwamba Ulaya ilimharibu fundi Damian Maige. Alikwenda huko wiki tatu na ushei tu, mwaka sabini na tano, akarudi hana adabu ya salamu. Sisi wengine, hata nyumba ikiwa inaungua, ukituuliza habari tutakujibu nzuri kwanza, ndipo tukuombe ndoo. Damian hapana. Ukipita karakana yake asubuhi ukamwambia mwangaluka, habari za nyumbani, hata randa haiweki chini: "Mjukuu ana homa, mbuzi mmoja kapotea, mgongo unaniuma. Mengine nzuri." Wazee walikereka, wakasema mtu mzima hamwagi shida zake mlangoni kama maji machafu.

Laiti wangejua, wangemwacha.

Damian alikuwa seremala wa misheni tangu ujana wake. Padri Otmar, Mswisi mwenye ndevu na hasira za karibu, alimkuta kijana anayechonga mipini ya majembe, akamfundisha kupima, kukata na kuunga mbao bila msumari. Miaka ishirini na miwili walifanya kazi pamoja. Paa za vigango vingi vya Bukombe walizipandisha wao wawili, mmoja juu, mmoja chini, wakigombana kwa Kiswahili na Kisumbwa. Padri huyo alijua salamu zetu kuliko watoto wetu wa shule. Hakununua hata yai kabla ya kuuliza habari za mume, za watoto, za ng'ombe na za mvua.

Uzee ulipomzidi, wakubwa wake wakamrudisha kwao Uswisi akapumzike. Mwaka wa pili ikaja barua: waumini wa parokia ya kwao wamechanga nauli, akina mama wameoka keki na kuziuza, wanataka kumwona huyo fundi anayesimuliwa kila siku. Damian alikuwa na miaka arobaini na minne. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Mwanza. Mkewe, Justina, mama wa binti yao Tereza, alimshonea shati jipya na kumwambia aende, aone, arudi awasimulie, maana yeye Justina kwa mabonde haya ya mpunga hatatoka maisha yake yote. Tumbo lilikuwa likimsumbua kidogo wakati ule. Alisema ni minyoo.

Damian akafika Uswisi mwanzoni mwa Agosti. Padri alikuwa akikaa na dada yake, Klara, mama mtu mzima asiyejua hata neno moja la Kiswahili, ambaye alimpikia viazi kwa namna kumi na kila siku alimtazama usoni kuona kama ameshiba. Juma la kwanza lilikuwa la kusalimia watu. Juma lililofuata, Padri alimwonyesha kijitabu cha tiketi: treni za milimani, meli za ziwani na vibanda vinavyopanda kwa waya, vyote vimelipiwa na akina mama wa keki. Wangeanza Jumatatu.

Jumamosi asubuhi, tarehe kumi na sita, barua ikafika. Ilikuwa imeandikwa na katekista Athanas kwa niaba ya Makoye, kaka yake Damian. Baada ya salamu za ukurasa mzima, barua ilisema hivi. Ugonjwa wa mama Tereza umejulikana, si minyoo, ni uvimbe tumboni na unakua. Yuko wodini. Sista mganga anasema apasuliwe na yule daktari anayekuja kwa ndege ndogo kila Jumatano ya tatu ya mwezi, yaani tarehe ishirini, kwa sababu barabara ya Mwanza kwa lori itammalizia njiani. Lakini karatasi ya ruhusa inataka mume mwenyewe. Makoye hakuthubutu kuweka dole gumba lake. Mke wa mtu akifia chini ya kisu, barua iliuliza, mimi nitamwambia nini mwenyewe? Tuma simu ya maandishi, hata neno moja tu. Gari la misheni huenda Kahama kuchukua posta Jumanne.

Basi hesabu ilikuwa nyepesi, na Damian alikuwa mtu wa vipimo. Simu iondoke Jumatatu, Jumanne iwe Kahama, Jumatano Justina apasuliwe.

Padri Otmar alikuwa mezani akipaka siagi kwenye mkate. Akauliza, "Habari za nyumbani, fundi?"

"Nzuri tu, Padri," akajibu Damian.

Huo ndio utaratibu wetu. Swali la kwanza ni la heshima, nalo hujibiwa kwa heshima. Damian akaikunja barua taratibu, akasubiri lile la pili: na mama watoto je? Hapo angekohoa, angesema, "Ila, Padri, kuna jambo." Maneno alikwisha kuyapanga. Lakini Padri alikuwa kwao sasa, miaka miwili amekula mkate na watu ambao ukiwaambia nzuri wanaamini ni nzuri. Akasema Mungu asifiwe, akafungua ratiba ya treni.

Damian aliona aibu kulianzisha mwenyewe. Mgeni hapangui mipango ya mwenyeji, na tiketi zile zilikuwa jasho la akina mama wasiomjua. Akajipa moyo: ataniuliza mchana. Mchana ukapita. Ataniuliza kesho baada ya misa. Kesho walikuja wageni. Usiku wa Jumapili hakupata usingizi, akaapa kwamba asubuhi atasema, aulizwe asiulizwe.

Jumatatu wakaenda stesheni. Ofisi ya posta ilikuwa pale pale ukutani, mlango wazi, hatua ishirini kutoka kwenye benchi lao. Damian akasafisha koo. "Padri," akasema, "kule nyumbani..."

"Kule nyumbani hamna kitu kama hiki, eh?" Padri akamkatiza akicheka, akaonyesha kwa fimbo. Treni ndogo nyekundu ilikuwa inaingia, na Padri alikuwa tayari amesimama.

Ilikuwa treni ya kupanda mlima. Katikati ya reli mbili palikuwa na ya tatu yenye meno, na chini ya behewa gurudumu la meno likiuma hatua kwa hatua. Fundi yeyote angeinama kutazama, naye aliinama. Walipita juu ya madaraja ya mawe, wakaingia kwenye matundu ya milima na kutokea upande wa pili kwenye mwanga unaoumiza macho. Ng'ombe wenye kengele shingoni walikuwa wakila majani kwenye miteremko ambayo mbuzi wetu wangeikataa. Tuseme ukweli, maana bila ukweli hadithi hii haina maana: kuna saa nzima ambayo Damian alimsahau mkewe. Alifurahi. Alikumbuka tena walipokuwa kileleni, miguu ndani ya theluji, na kule chini posta ilikuwa inafungwa.

Jumanne walipanda meli ziwani. Maji yalikuwa ya kijani, milima imesimama pande zote, na bendi ya wazee ilipiga tarumbeta kwa ajili ya watalii. Damian alikaa nyuma ya meli na barua mfukoni. Aliwaza gari la misheni likitoka Kahama na mfuko wa posta usio na jina lake. Bado hakusema. Mambo ya aibu ni hivyo, yakilala siku moja huzidi uzito, na sasa asingeeleza ugonjwa tu, angeeleza pia kwa nini amenyamaza.

Jumatano wakaingia kwenye kibanda cha vioo kilichoning'inia kwenye waya mnene kama mkono. Kikaondoka ukingoni, chini yake pakawa hewa tupu na vilele vya misonobari. Watu wengine walishika vyuma, wakacheka kwa woga. Damian hakushika kitu. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwetu saa sita, na ndege ndogo ilikuwa imekwisha kutua kwenye uwanja wa misheni. Machozi yalimtoka bila sauti.

Klara ndiye aliyeona. Walipofika juu kwenye mgahawa aliusogeza mkate pembeni, akamshika Damian mkono, akamwambia kaka yake maneno machache makali. Padri akageuka.

"Klara anauliza," akasema, "mama Tereza hajambo?"

Damian akaitoa barua. Padri akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akarudia tarehe. Uso wake ukabadilika.

"Unayo tangu Jumamosi, fundi. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza mara moja, Padri."

Mtu mwingine wa nchi ile asingeelewa. Otmar alielewa, ndiyo maana aliziba uso kwa mikono yote miwili mbele ya watu, na Klara akawa anamtikisa bega akitaka kujua kumetokea nini.

Simu iliondoka saa ile ile, neno moja, APASULIWE, na jina. Ikafika Ushirombo wiki iliyofuata, daktari na ndege yake wakiwa wamekwisha kuondoka. Damian alirudishwa kwa ndege ya mapema, akafika nyumbani Alhamisi tarehe ishirini na nane. Sista akapiga redio. Daktari aliitika kwamba atakuja nje ya zamu yake, Jumatatu.

Justina alikuwa amekwisha. Mikono iliyokuwa ikitwanga mpunga gunia zima ilibaki mifupa. Lakini akili ilikuwa timamu, na alipomwona mumewe akataka asimuliwe, kama walivyokubaliana. Damian akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamsimulia reli yenye meno, wazee na tarumbeta zao majini, kibanda cha vioo juu ya misonobari. Justina alimsikiliza amefumba macho, mara mojamoja akiguna kwa kustaajabu. Makoye alikuwa amechuchumaa mlangoni, hathubutu kuingia tangu ndege ilipoondoka.

Ndipo Justina akauliza, "Na barua yetu, baba Tereza, ilikufikia lini?"

Alikuwa na nafasi ya kusema. Safari hii aliulizwa, waziwazi, na mtu aliyekuwa na haki kuliko wote.

"Ilichelewa," akasema Damian. "Nimeipata Jumatano, ile ile ya ndege."

Justina akapumua. Akatafuta mkono wa mumewe juu ya shuka. "Ni posta," akasema. "Mwambie kaka yako aingie, asikae kule kama mbwa, hana kosa. Na wewe usijilaumu. Ungeipata mapema ungetafuta njia hata ya kuruka."

"Ningeruka, mama Tereza," akaitikia.

Akafa Jumapili, wakati watu wako kanisani. Jumatatu ndege ikaja.