Kombe Nililolikataza

Kila Ijumaa baba alimwandikia mama kombe: aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Kisha aliziosha kwa maji ya marashi, na mama akayanywa taratibu, amekaa ukumbini kwetu mtaa wa Kuze. Baba ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na hati yake hupendeza macho. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na ulimi wangu ni mkali, nakiri.

Mwanzoni dawa za saratani ya titi zilimkubali mama. Uvimbe ukanywea, akarudi jikoni kugombana nami juu ya chumvi. Halafu picha za hospitali zikaonyesha uvimbe umekua tena, mkubwa kuliko mwanzo. Nikatafuta wa kumlaumu, nikaiona ile sahani. Nilimwambia baba, mbele ya mama, kuwa zafarani yake ndiyo inayozima dawa. Akaiondoa ile sahani. Mama naye akasema halitaki tena kombe, nami nikajiona nimeshinda.

Wiki kadhaa baadaye nilimuuliza daktari wa mama, mwanamke wa makamo kutoka bara, zafarani imeharibu kiasi gani. Akanitazama kwa huruma. Alieleza kuwa ndani ya seli mna vipande vidogo mno viitwavyo maikroRNA, na kazi yao ni kunyamazisha jeni. Kwenye saratani huweza kwenda kombo, vikanyamazisha zile jeni zinazoiamuru seli ife inapopigwa na dawa. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa mama. Wanasayansi bado wanavichunguza, alisema, lakini yeye hana dawa ya kuvizuia. Zafarani ya sahani moja kwa wiki haikuwa na hatia.

Nilirudi kwa miguu, nikilia mbele za watu. Mama alikuwa kitandani, hata maji hayapiti ila kwa shida. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi.

"Nalijua si zafarani, mwanangu," akasema. "Naliliata kombe, nisilinywe tena, upate cha kulaumu. Naliogopa usije ukamlaumu Mngu."

Nikamwita baba, nikamsihi aandike. Akaandika, akaosha, akamnywesha kwa kijiko. Mama hakuweza kumeza. Maji ya manjano yakamtiririka shavuni hadi kwenye mto, na baba akayapangusa kwa mkono wa kanzu yake, bila kunitazama.