Landrova Niliyoambiwa Imeungua

Msimamizi, usiweke jina langu. Watoto wa mtu ninayemtaja wanasoma ukurasa huu.

Nina miaka sabini na mitatu. Naishi Kitengela na binti yangu, kitindamimba wangu, na ni zaidi ya miaka thelathini tangu nifiwe na mke. Sikuzaliwa huku. Nilikuwa na shamba la ngano mbali magharibi, mpaka majirani walipoanza kuchomeana nyumba, na sisi tuliotoka mkoa wa kati tukaambiwa turudi kwetu. Kwetu kulikuwa hapo hapo.

Huko nilikuwa na rafiki Mmaasai. Mwaka mmoja wa ukame nilimpa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, na kwa desturi yao watu waliopeana mtamba huacha majina yao na kuitana Paashe. Wake zetu walitucheka kwamba tumeoana. Watu wa namna hiyo hawanyimani kitu. Ndiyo maana wiki ile ya vita landrova yangu ilikuwa kwake. Alikuwa ameiazima kubebea mifugo maji.

Vita vilinikuta mjini, hospitalini, nilikokuwa nimempeleka binti yangu aliyekuwa na miaka sita. Mke wangu alikuwa amekimbilia kanisani huko nyumbani, mapafu yakimuuma. Nilimtuma katekista amwambie Paashe amlete kwa landrova. Jibu likarudi jioni: landrova imechomwa, kumebaki chuma tu. Nikaamini barabara yote inawaka. Nikatuma neno la pili, sasa kwa mke wangu, kupitia katekista yule yule: atembee, apitie msituni. Alitembea siku mbili kwenye mvua. Alifika, na siku ya nne akafa.

Miaka yote nimejiliwaza kwa hilo gari. Hakuna aliyekosa, nilijiambia, gari liliungua.

Jumamosi iliyopita binti yangu alinipeleka Kajiado kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Alidhani nitafurahi, na kwa saa moja nilifurahi kweli. Upepo ulikuwa unatupa vumbi juu ya rangi mpya, na wenye magari wanafuta bila kuchoka. Mzee mmoja alisimama mbele ya lori la rangi ya buluu akaniambia, "Hii ilikuwa inakunywa mafuta kuliko ng'ombe anavyokunywa maji, na bado tulikuwa tunaisukuma." Nilicheka. Kisha nikaona landrova ya kijani, na chini ya mlango wa kushoto nikaona kidato cha kupandia.

Kidato hicho nilikichomelea mwenyewe kutoka kwa chuma cha plau, kwa sababu mke wangu alikuwa mfupi na hakupenda kuinuliwa mbele ya watu.

Mwenye gari, mwanamume wa miaka arobaini hivi, alikuwa akiwaeleza wageni kwamba baba yake aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Aliponiona aliinamisha kichwa nimguse, kama wanavyofanya kwa wazee. Nilimgusa. Binti yangu akapanda kwenye kile kidato apigwe picha. "Baba, si yetu ilikuwa kama hii?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, kama hii.

Baba wa yule kijana alikuwa nyuma ya gari, kwenye kiti cha plastiki, na shuka na fimbo. Tulitazamana. Alikuwa Paashe mwenyewe. Nilivuta kiti kingine.

"Nani aliuzima moto?" nikamwuliza.

"Haikuwaka. Niliificha kwa boma, nikaifunika na nyasi."

"Na mama watoto?"

"Vijana wetu walikuwa kwa barabara. Wangenipata na yeye ndani, wangetuua sisi wote. Niliogopa."

"Ungesema umeogopa. Ningekuja kuichukua mwenyewe."

"Kusema hivyo ni kukunyima," akasema. "Na wewe ni Paashe. Sikuweza kukunyima. Ndiyo nikasema imeungua."

Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, na sijui kama nimewahi kukutana na jibu la kweli kuliko hilo, wala la kuchukiza zaidi. Heshima ya mtamba wangu ndiyo iliyomfunga mdomo. Niliondoka bila kumpa mkono. Njiani, tukipita Kisaju, binti yangu aliniuliza kama nimechoka, nikasema ni jua tu.

Juzi Paashe alinipigia simu. Anasema yeye ni mgonjwa na hataki kufa na jambo hili. Jumapili baada ya ibada anataka kuja kwangu na wazee wawili, aseme yote mbele ya watoto wangu, na aniachie gari.

Nyinyi mngefikiri ningefurahi akisema. Aibu iwe yake. Lakini hakuna mtoto wangu anayejua lile neno la pili. Wote wanaamini mama yao alitoka kanisani kwa uamuzi wake, akinifuata mimi. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Mtu huyu akieleza yake, watauliza nani alimwambia mama atembee, na katekista bado yuko hai.

Binti yangu ameweka ile picha kwenye simu yake. Anatabasamu, miguu yote miwili iko kwenye kidato.

Nyinyi mnaosoma, wengi wenu ni wadogo kwangu, lakini sina mwingine wa kumwuliza. Nimwambie asije, ili langu lisionekane? Au nimtangulie, niseme langu kabla yake? Nipeni neno kabla ya Jumapili.