Kumwonjea Kasuku

Kasuku wa mama yangu alikuwa anauawa na kalanga. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nyumbani kwetu Katuba hakuna aliyetaka kulisikia neno hilo. Miaka yote alikula vitu vitatu tu: kalanga za kukaanga, ugali wetu wa bukari, na mkate uliochovywa katika chai ya baba. Mama alikuja naye kutoka Kasai ndani ya kikapu kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo ndege yule alikuwa mkubwa wangu, na alinitendea hivyo. Nikipitisha kidole karibu na kibanda chake, aliking'ata.

Mama alipofariki, nilirudi nyumbani na cherehani yangu ili baba asikae peke yake. Kwenye matanga sikulia. Watu walihitaji viti, walihitaji maji, walihitaji kula, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika funguo za jikoni. Matanga yalipokwisha na wageni wakaondoka, niliwakuta wawili hao barazani, mzee na ndege, wakitazama barabara.

Baada ya wiki chache niliona kasuku anapiga chafya. Manyoya yake ya kijivu yalikuwa yamefifia, mkia wake mwekundu umechakaa, na akishuka kutoka kwenye fito miguu ilimtetemeka. Nikamwita daktari wa wanyama. Alimfunika ndege kwa taulo, akamfungua mdomo, akanionyesha madoa meupe ndani.

"Madame, huyu hana vitamini hata kidogo," alisema. "Mpe karoti, boga, papai, matembele, lengalenga. Vyote vibichi. Chumvi hapana, avoka hapana, avoka kwake ni sumu. Asipobadilisha chakula, sidhani ataiona mvua ya kwanza."

Ilikuwa ni kiangazi, vumbi jekundu kila mahali. Nilihesabu miezi iliyobaki nikaogopa kweli. Mwaka ule nilikuwa nimeshamzika mama. Sikuwa tayari kumzika na ndege wake, basi, na ndege yule atakula atake asitake.

Siku ya kwanza nilifanya upumbavu wa nyumba yetu. Sikio lilisikia "vibichi", mkono ukapika. Matembele nikayakatakata, nikayatia mafuta, kitunguu, chumvi na kalanga za kutwanga, kama nilivyofundishwa, nikajaza kibakuli. Kasuku alichambua kalanga moja moja, majani akayasukuma pembeni. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikajicheka mwenyewe.

Kesho yake nikaleta majani mabichi. Hapo baba alifungua mdomo.

"Mayani mabichi njo chakula ya mbuzi," alisema. "Ule iko mugeni wa mama yako. Haiko mbuzi."

"Daktari amesema, baba."

"Daktari alimujua lini?"

Baba alikuwa direkta wa shule kwa miaka mingi, na ukibishana naye unajikuta umesimama wima kama mwanafunzi. Nikaenda sokoni kununua karoti. Mama anayeniuzia mboga, mwanamke wa Kivu asiyejua kunyamaza, aliniuliza kama nina wageni. Nikamwambia ni za ndege.

"Eh, ndege anakula karoti," alisema, akimgeukia jirani yake. "Na miye bwana yangu anakula tu nyama ya watu wengine."

Walicheka wote, na mimi nikacheka, lakini karoti nilizichukua. Nikachukua na boga. Papai sikununua, kwa kuwa tunao mpapai nyuma ya bafu, alioupanda mama.

Kwa wiki mbili nilikata. Karoti nyembamba, karoti nene, karoti za duara. Papai na mbegu zake, papai bila mbegu. Nilifunga fungu la lengalenga kwa uzi wa cherehani nikalining'iniza juu ya fito. Kasuku alikishika kila kipande kwa ukucha, akakitazama kwa jicho moja, akanitazama mimi kwa jicho lilelile, kisha akakiachia chini. Kila asubuhi nilifagia rangi ya machungwa barazani. Baba alikaa kwenye kiti chake akiniangalia, chai mkononi. Nilimgombeza ndege. Nilimwambia ana kiburi, ana kichwa kigumu, amerithi ukoo wote wa mama. Nikapunguza kalanga ili njaa imfundishe. Daktari aliporudi kumpima, alikasirika.

"Ndege hafundishwi kwa njaa, madame. Atakufa kabla hajajifunza. Mrudishie kalanga, na endelea kujaribu."

Niliona aibu. Nikarudisha kalanga, nikaendelea kukata.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyetoka Lukafu kuja kutusalimia. Alikuwa na kiu ya njia. Nikamimina munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, katika kikombe, nikanywa funda moja, halafu nikampa. Hivyo ndivyo tunavyofanya sote huku. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu, anywe na moyo mweupe. Sikufikiri hata kidogo. Lakini kikombe kilipotoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwa shangazi, nilimwona mama.

Kila jioni mama alikata tonge la bukari, akaling'ata kidogo mbele ya kasuku, akatafuna, akasema, "Ona, haina kintu." Yaani hakuna ubaya ndani yake. Ndipo alipompa. Kalanga vilevile, moja kwake, moja kwa ndege. Na baba alipobaki peke yake aliung'ata mkate kwanza kabla ya kumpa. Ndege yule alitoka Kasai akiwa mgeni, na mama akamtunza kama mgeni hadi mwisho. Katika maisha yake yote hakuwahi kukubali kitu kigeni ambacho mtu hakumwonjea kwanza. Na mimi wiki mbili nzima nilikuwa namwekea vitu kwenye kibakuli na kuondoka zangu, kama mtu anayemtegea panya.

Shangazi alipoondoka tu, nilikata papai, nikasimama mbele ya kibanda, nikang'ata, nikatafuna, nikasema maneno ya mama. Kasuku alinisikiliza vizuri. Akakipokea kipande, akakiachia chini, kisha akaning'ata kidole. Kwake yeye mimi sikuwa mwenye nyumba. Nilikuwa mtoto aliyekuja juzi na cherehani.

Alibaki baba. Na baba matunda hakula kamwe. Aliita matunda chakula cha watoto wanaotoka shule. Mpapai wa mama ulipozaa, mama alikula peke yake. Tena meno ya baba yalikuwa yamebaki upande mmoja.

Nilimweleza yote, kikombe cha munkoyo, tonge la mama, vitamini. Nilisema mengi, na haraka, kama wakili. Nilimwambia ni kipande kimoja tu kwa siku.

"Sina meno ya karoti," alisema.

"Nitaikwangua kwa kijiko."

"Miye direkta nikae barazani, bantu banapita, ninakula mayani ya mbuzi?"

"Ndiyo, baba."

Alichukua gazeti lake. Nilirudi kwenye cherehani nikashona kwa hasira, nikaharibu mkono wa kanzu ya mteja, nikalazimika kuufumua wote.

Asubuhi yake alikuwa barazani mapema, amevaa koti lake la kazini. Kibanda cha kasuku alikuwa amekisogeza karibu na kiti. Alinyoosha mkono bila kunitazama.

"Leta."

Nilimpa papai. Aliling'ata, akakunja uso kama anayemeza dawa, akatafuna hadi mwisho. "Ona," alimwambia ndege, "haina kintu." Kasuku alisogea kwenye fito, akanyoosha shingo, akapokea. Alilizungusha lile papai kwa ulimi wake mweusi kwa muda mrefu. Halafu akala. Nilikaza macho kwenye kisu changu kwa sababu sikutaka baba aone uso wangu.

Tangu siku ile baba hakukosa hata asubuhi moja. Papai kwanza, kisha boga, kisha karoti niliyoikwangua, ambayo aliitafuna upande mmoja polepole mpaka chai yake ikapoa. Siku ya matembele mabichi, majirani wawili walisimama kabisa kwenye lupango, ua wa nyumba yetu, wakimtazama mzee anatafuna jani. Aliwasalimia kwa heshima zote na akaendelea kutafuna. Mvua ya kwanza iliponyesha, ilimkuta kasuku akipiga kelele na kutawanya mbegu za papai ukutani. Daktari alimfungua mdomo, madoa yalikuwa yamekwisha.

Siku moja niliona ndege amekwenda mwenyewe kwenye kibakuli na kuchukua karoti bila kuonjewa. Nikamwambia baba anaweza kupumzika sasa, hana haja ya kula tena.

Aliweka kijiko chini palepale, akajipangusa mdomo. "Aksanti. Ile karoti ilitaka kuniua."

Nilicheka. Nikamuuliza, basi ni nini kilichomfanya akubali, maana siku ile alikuwa amekataa kabisa.

"Haikuwa ju ya ndege," alisema.

Alimpa kasuku kalanga moja, akaendelea.

"Kwa matanga ya mama yako haukulia. Ulitumika tu kazi, ulitumika. Kisha kila asubuhi ninakuona unafagia ile karoti, unakata ingine. Nikasema, ule ndege akikufa, huyu mutoto ataanguka, na miye siko tena na nguvu ya kumuinua."

Nilikuwa bado na kisu mkononi na papai nusu kwenye sahani. Nililia pale barazani asubuhi kweupe, watu wakipita, kilio chote ambacho matanga hayakukipata, na baba hakuninyamazisha.

Nilipotulia kidogo, alichukua kipande cha papai kutoka kwenye sahani. Aliking'ata pembeni, akakunja uso, akatafuna. Kisha akaninyooshea kilichobaki.

"Ona," alisema. "Haina kintu."

Nikakipokea, nikala.