Wifi na kopo la chakula cha kasuku

Leo nimeshinda bila kubishana na mtu.

Wifi yangu amekaa kwetu Gongoni wiki mbili, na kila nilichopika alikitia kasoro. Leo alikuwa anakwenda Dodoma kumpelekea mama mkwe ripoti ya jiko langu.

Jana nikatengeneza granola isiyo na nafaka: karanga, korosho, mbegu za maboga na asali ya Ipole. Nikaioka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Ilipopoa nikatia maembe makavu na vipande vya chokoleti, nikaijaza kwenye kopo.

Wifi akachungulia. "Hiki chakula cha kasuku. Kaka yangu atashiba kweli?"

Nikafunika kopo langu. (Mnaonijua mnajua iliniuma.)

Asubuhi tukamsindikiza stesheni. Narudi nyumbani, kopo la granola halipo. Mume wangu akaapa hajaligusa.

Mchana simu ikaita. Alikuwa wifi, treni yao imesimama Tura.

"Wifi, kile cha kasuku ulitia asali ya wapi?"

"Ya Ipole. Kwani umekionja?"

Nikasikia mtu anatafuna.

"Kuna abiria hapa anauliza."

Jamani, huyo abiria nimpe vipimo, au nimwache kwanza amalize kopo?