Utomvu Kwenye Zulia la Madhabahu

"Zulia hufuliwaje?"

Mama aliniuliza hivyo asubuhi ya Jumatatu, siku iliyofuata sikukuu ya mavuno, tukiwa tumesimama wawili mbele ya madhabahu ya kanisa letu pale Ihembe. Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa nasoma, na kwake mtu anayesoma alipaswa kujua mambo ya vitu vilivyotoka ng'ambo. Sikujua. Shuleni walitufundisha kutarizi foronya, ingawa hakuna mtoto darasani aliyelalia mto. Zulia walikuwa hawajalifikia.

Lenyewe lilikuwa moja tu, rangi ya maziwa, zawadi ya mgeni mzungu aliyewahi kuhubiri kwetu. Sehemu nyingine yote ya kanisa ilikuwa udongo, na tuliitandika nyasi kama majumbani. Nyasi zikichakaa mama alizizoa, akazimwaga kwenye migomba, akatandika nyingine. Kwa kazi hiyo wazee wa kanisa walituacha tukae katika nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Baba alikwenda Uganda kulima pamba ya watu, hakurudi, na ndugu zake wakachukua kibanja, shamba letu la nyumbani, migomba na kahawa pamoja. Kwa mjomba, kule Isingiro, tulikuwa tumeshakaa. Mke wake alikuwa akitazama kila tonge tunalomeza, na shule ilikuwa mbali mno kwa miguu yangu.

Sasa, hakuna mtu wa kwetu asiyejua utomvu wa ndizi. Kila mwanaume ana nguo yake mbovu ya kukatia mikungu, imejaa madoa yasiyotoka maisha. Lakini siku ya sikukuu watu wazima na akili zao walipita mbele mmoja mmoja, wakiimba, wakatua mikungu iliyokatwa alfajiri juu ya zulia, vikonyo vikichuruzika, na hakuna aliyeshtuka. Nimelifikiria sana hilo. Sidhani kama walisahau. Nguo huchafuka, sawa. Kitu kilichotandikwa chini ili kikanyagwe, kwetu hakikuwa na namna ya kuchafuka. Kilichakaa tu, kikatolewa. Mama naye aliwatazama, akaimba pamoja nao. Utomvu mbichi ni kama maji. Jumatatu ulikuwa kahawia.

Mzee wa kanisa alikuja kabla hatujagusa kitu. Nilimwamkia shikamoo, akanipita hadi kwenye zulia.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ndizi, mzee."

"Ndizi za nani?"

"Zenu nyote. Ule mkungu wako mkubwa ulikaa hapo, penye doa kubwa."

Mzee alirudisha mguu nyuma, mbali na doa lake. Kisha akasema kwamba mwenye zulia, yule mzungu, anapita kwetu kabla ya Krismasi, na hawezi kukuta aibu hii. "Likiwa safi, utakaa. Likiwa hivi, ile nyumba tutampa mtu anayeweza kutunza nyumba ya Bwana."

Nilimuuliza mama, mzee alipoondoka, kama Mungu aliyepokea ndizi anaweza kuchukia utomvu wake. Alinipiga kofi. Kisha akakunja zulia, tukalibeba hadi mtoni.

Alianza na sabuni ya kipande. Ilitoa povu jingi na doa likabaki pale pale. Ndipo akageukia alichokiamini. Alikausha maganda ya ndizi, akayachoma, akachuja maji ya majivu yake. Kwa maji hayo vitambaa vya madhabahu vilikuwa vyeupe kuliko vya kanisa lolote, na wanawake walikuwa wakimsifu. Alilowesha zulia, akasugua kwa gunzi. Maji yakatiririka yakiwa na rangi ya chai.

"Unaona?" aliniambia. "Linatoka."

Nilitaka sana liwe linatoka. Lakini kila lilipokauka lilikuwa jeusi zaidi, na pembezoni lilikuwa limetambaa. Mama akasema majivu hayakutosha, akaongeza.

Jirani yetu, bibi wa ukoo wa wafugaji, alitukuta mtoni na chungu cha mkojo wa ng'ombe, ule wanaosugulia vyombo vya maziwa.

"Waitu, mwenzetu, jaribu huu. Unatoa kila kitu."

"Nimimine mkojo kwenye zulia la madhabahu?"

"Bwana wenu si alizaliwa zizini? Harufu anaijua."

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Sikumbuki kumwona akicheka tena mwaka ule. Akaumimina. Doa halikubadilika, ila sasa zulia lilinuka, na siku nzima alikuwa akilisuuza kwa ajili ya harufu.

"Hawa wenzetu wazungu wananishangaza," yule bibi alisema akilipapasa kwa kidole. "Wametengeneza nyasi zisizooza, halafu wanalia zikichafuka. Litupe, mwanangu, utandike nyingine."

"Nyingine za namna hii ziko wapi?"

Bibi akajitwika chungu chake, akaondoka.

Mama aliomba pia. Alilaza zulia juani, akapiga magoti kando yake, mimi nikisimama nyuma nikitazama kama kuna kitakachotokea. Nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika kwa kusuguliwa. Palipokuwa na doa palikuwa na doa na upara.

Mwenye zulia hakupita. Gari lake lilikwenda moja kwa moja mjini Kayanga, na huko akageuza. Nilidhani hilo lingetuokoa, nikamkimbilia mama kumwambia. Lakini mzee alikuja hata hivyo, akalikunjua zulia mlangoni petu, akaweka kidole kwenye upara.

"Hukujitahidi," alimwambia mama.

Mikono ya mama ilikuwa imechubuka kwa majivu hadi vifundoni, na aliificha nyuma, kama mtu anayeficha kitu alichoiba. Tukaenda Isingiro na mkeka na sufuria, na shule nikaiacha hadi mjomba alipokufa na sisi kuhama tena.

Chuo kikuu ndiko nilikojifunza, katika maabara, nikiwa na kitu kingine kabisa mkononi, kwamba rangi iliyomo katika utomvu wa ndizi ikikutana na majivu haitoki. Hukolea.